Mtani Hapigi Hodi

Hasira za Oresta Luvanda zilijulikana Iringa nzima. Waongo wa mtaa wa Kihesa husema siku moja alimkemea mwanasesere wa mjukuu wake, na yule mwanasesere akafumba macho hayajafumbuka mpaka leo. Husema pia kwamba maziwa hayagandi nyumbani kwake bila ruhusa. Toa chumvi kadiri utakavyo, lakini Jumatatu ile ya masika, ukungu umeulalia mji kama blanketi bichi, hata waliokuwa koridoni walinyata walipopita mlango wa chumba cha Kivuli.

"Skrini ya nesi," Oresta alisoma kwa sauti. "Na huyu, skrini ya nesi. Na huyu. Ukoo mzima umezaliwa na skrini ya nesi."

Kivuli kilikuwa mashine kubwa kama kabati la sakristia, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuigiza. Kiliigiza kokoto. Kokoto ndilo jina ambalo watu walilipatia jiwe la Kampuni ya Nyanda, jiwe dogo kuliko ukucha, linaloendesha mashine za joto za watoto njiti katika kila hospitali ya nyanda za juu. Kokoto lenyewe hukimbia. Kabla hujamaliza kupiga chafya, limeshafanya mambo ya kumzeesha karani. Kivuli kilitambaa. Sekunde moja ya kokoto Kivuli kiliitafuna tangu chai ya asubuhi hadi wali wa mchana, na kwa kuwa kilitambaa, jicho la binadamu liliweza kuwafuata matarishi mmoja mmoja.

Maana ndani ya kokoto ni matarishi watupu. Kila sehemu ikitaka kitu kutoka ghala la kumbukumbu, iwe kipimo cha joto au hesabu ya pumzi, humtuma tarishi. Tarishi ana kibandiko kifuani chenye jina la aliyemtuma. Anafika kwa bawabu wa ghala, anapewa alichotumwa, anarudi nacho. Ghala lina mlango mmoja. Matarishi wakijazana, wengine husubiri. Jumamosi moja jioni, katika wodi ya watoto, tarishi wa joto alisubirishwa mlangoni mpaka mtoto wa Sabela Kindole akapoa.

Sheria ilisema kokoto likihusika na kifo, sekunde ya tukio ifufuliwe ndani ya Kivuli na matarishi wote waulizwe walitumwa na nani. Wakaulizwa. Wote waliokuwa kwenye ile foleni walikuwa na kibandiko kimoja: skrini ya nesi. Polisi wakaelewa kama polisi wanavyoelewa. Nesi wa zamu, Rahabu Kikoti, alikuwa akitazama tamthilia kazini, picha zake zikaziba mlango, mtoto akafa. Rahabu aliwekwa mahabusu. Kesi ingesikilizwa Jumatatu iliyofuata, na mtunza Kivuli, yaani Oresta, ndiye angepanda kizimbani kuisomea mahakama majina.

Aliitazama ripoti mara nyingine. Hakuwa na sababu ya kuikataa, ila ilimkera jinsi ilivyokuwa safi. Katika maisha yake yote Oresta hakuwahi kuona foleni ya watu wa nyumba moja tu, hata ya maji.

Alichukua mwavuli akaenda mahabusu.

*

Rahabu hakuwa analia. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono kifuani, na alipoambiwa mgeni wake ni nani, alimtazama Oresta kama mtu anayetazama nyoka ndani ya kapu la mboga.

"Wewe ndiye mwenye ile mashine."

"Ndiye mimi."

"Basi naomba uniambie, mama, nilikuwa naangalia tamthilia gani? Maana polisi wameshindwa kunitajia. Niambie angalau jina, nimalizie sehemu zilizobaki huku ndani."

Oresta, ambaye hakuzoea kukutana na hasira za kimo chake, alijikuta anavuta kiti. "Niambie wewe."

"Skrini ilikuwa imekufa. Tangu Jumatano. Niliripoti, fundi akaja, akaigonga kichwani kama anagonga nazi, akasema spea itatoka Dodoma. Mimi nikawa naanika soksi za watoto juu yake. Nenda wodini, kama hawajaziondoa utazikuta."

"Uliwaambia polisi?"

"Niliwaambia. Wakasema mashine haina sababu ya kudanganya, mimi ndiyo ninayo." Rahabu alishusha mikono. "Mama, mimi mkono wangu ulikuwa ndani ya ile mashine. Nilikuwa nimeushika mguu wa yule mtoto. Mguu wenyewe kama kidole changu. Nikauhisi unapoa, na taa zote zinasema kila kitu ni sawa. Nikamtoa, nikamweka hapa kifuani, nikajifunga na sweta. Nilichelewa. Hilo nakubali, nilichelewa kuacha kuziamini taa. Nihukumuni kwa hilo. Lakini tamthilia, hapana."

Oresta alitoka bila kuaga. Mtaani mvua ilikuwa inanyesha, na yeye alikuwa ameusahau mwavuli ndani, lakini hakurudi kuuchukua. Alikuwa na swali moja tu kichwani, na lilikuwa linachemka: skrini iliyokufa inamtumaje tarishi?

*

Alikaa mbele ya Kivuli koti likichuruzika.

Kutwa nzima alikuwa amewauliza matarishi majina yao, nao walijibu kama walivyofundishwa. Sasa akaacha kuuliza. Mwizi wa nyama humwulizi jina. Unamfuata, uone nyama inaingia jikoni kwa nani. Kibandiko cha kifuani kinaweza kudanganya, lakini majibu hayawezi, kwa sababu majibu lazima yafike kwa aliyeomba. La sivyo aliomba ya nini?

"Geuka," aliiambia mashine. "Achana na wanaokuja. Nifuatie wanaorudi."

Kivuli kikaguguna. Kwenye kioo alionekana tarishi mmoja akitoka ghalani na mzigo wake. Safari ya kwenda kwenye skrini huishia nje ya kokoto. Tarishi hakufika nje. Alinyoosha, akapanda Daraja, ile sehemu inayounganisha kokoto na vyombo vyote vya nje, na katikati ya Daraja akapotea kama mlevi aliyetumbukia kwenye kalvati. Akaja wa pili, akatumbukia palepale. Wa tatu. Ramani ya kokoto haikuonyesha kitu mahali hapo. Lakini matarishi hawaingii ukutani. Palikuwa na chumba.

Oresta alimsimamisha mmoja akamfungua mzigo. Namba. Moja nukta themanini. Tatu nukta ishirini. Mbili nukta kumi na tano. Akamfungua mwingine, namba zilikuwa zimebadilika kidogo. Hapo hata mtoto wa shule ya msingi angezitambua, maana zimebandikwa kwenye kila kibanda cha nchi hii, na wanaume wazima huzisoma kwa makini kuliko wanavyosoma dawa za watoto wao. Zilikuwa namba za mkeka. Jioni ile ya Jumamosi palikuwa na mechi. Kokoto la kumpa mtoto njiti joto lilikuwa linapangia watu dau.

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Meza ilipigwa ngumi, na kikombe kikahama chenyewe kwenda mahali salama.

Halafu likaja lililo baya zaidi. Bawabu alikuwa na amri ya hodi. Kabla hajamruhusu tarishi kuingia ghalani, alitakiwa kumwuliza aliyetajwa kwenye kibandiko: ni wewe uliyemtuma huyu? Skrini iliyokufa isingejibu, na tarishi angefukuzwa. Kwa nini hakufukuzwa? Oresta aliyafungua maagizo ya bawabu. Aliyaandika mwenyewe, miaka mingi nyuma, na katikati yake aliukuta mstari aliokuwa ameusahau kabisa: *Anayetoka Darajani ni mtani. Mtani hapigi hodi.*

Aliyeandika Daraja alikuwa Gaudensi Mbano, Mngoni wa Songea. Mababu wa Oresta, Wahehe, na mababu wa Gaudensi walichomana mikuki mpaka wakachoka, na walipochoka wakaanzisha utani, ambao ni vita vilevile bila mikuki. Mtani huingia kwako, hufunua sufuria, huondoka na kuku, na wewe huna ruhusa ya kununa. Mwaka mzima wa kulijenga kokoto wale wawili walitukanana kuanzia salamu mpaka kwaheri, na siku ya kuziunganisha sehemu zao Gaudensi akasema matarishi wa Kingoni hawawezi kusimamishwa mlangoni na bawabu wa Kihehe, itakuwa aibu kwa mababu. Ofisi ilicheka mpaka machozi. Oresta akauandika ule mstari, Gaudensi naye akaandika wake upande wa Daraja: bawabu akija kwetu, apite bila kuulizwa. Kokoto likawa jepesi, wakubwa wakasifu kasi yake. Mtu wa kabila lisilo na watani asingefanya kosa hilo hata angelipwa.

Oresta alijitukana kwa Kihehe, lugha inayoifaa sana kazi hiyo.

Angeweza kuufuta ule mstari. Bawabu alikuwa wake, na maagizo ya bawabu yalirushwa hewani kwa makokoto yote kama tangazo la redio. Lakini kufuta tu kusingesaidia. Swali la hodi lingepita Darajani, na Daraja lingeitika kwa uongo: ndiyo, ni mimi skrini. Daraja lenyewe lilikuwa limechomwa ndani ya jiwe, halifutiki. Ili kumziba mdomo yule mwizi, ilikuwa lazima kukijua chumba chake kiko wapi hasa. Na hicho alikijua mtu mmoja: Gaudensi.

*

Mkurugenzi wa Kampuni ya Nyanda, Evaristi Chengula, alimwita Oresta kabla hajamtafuta Mbano. Alikuwa na chai, chapati, na uso wa mtu aliyeota mazungumzo haya mara nyingi akajiandaa.

"Nasikia umefika mbali, mama Luvanda."

"Nimefika Darajani."

"Basi hujafika. Daraja ni boksi lililoshonwa. Mbano alilikabidhi hivyohivyo, hata mimi sioni ndani."

"Wewe huhitaji kuona. Wewe unajua."

Chengula alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani. "Sheria unaifahamu. Kokoto likikutwa na hatia, ndugu zake wote wa kalibu moja, yaani makokoto yote ya aina yake, huzimwa siku hiyohiyo. Ukienda Jumatatu na hiyo nusu uliyonayo, kwamba kuna mwizi lakini hujui amejificha wapi, hakimu hana njia nyingine. Atazima. Sasa hivi, mimi na wewe tukinywa chai, wamo watoto ndani ya mashine zetu toka Tunduma mpaka Manyoni. Wengine wadogo kama andazi. Hakuna mashine nyingine za kuwahamishia. Hakuna. Uzime, halafu uzunguke wewe mwenyewe ukawaeleze mama zao kwamba ulikuwa unatafuta haki ya nesi mmoja."

"Na nikinyamaza?"

"Atafungwa kidogo. Kijana yule, ana nguvu, atatoka."

"Na Jumamosi yenye mechi mbili?"

Chengula alikata kipande cha chapati, hakukila.

Oresta alimtazama mtu huyu aliyekuwa amewakusanya watoto wa watu na kuwabeba mbele ya kifua chake kama ngao, kisha anamwuliza mwingine kama ana roho ya kurusha mkuki. Kilichomchoma zaidi ni kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Uovu wa kijinga ungempa nafuu. Huu ulikuwa umepigwa pasi.

"Chai yako ina moshi," alisema, akaondoka.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda hospitali, kuwatazama wale ambao angewazima. Walikuwa wamelala katika mashine zao, kofia za sufi zimewazidi vichwa, vifua vinapanda na kushuka kama vya vifaranga. Skrini iliyokufa ilikuwa ukutani na soksi bado zimeanikwa juu yake, jozi kwa jozi. Mama mmoja kijana, kanga imefungwa juu ya sweta, alimwona anavyozichunguza mashine akamdhania mkaguzi.

"Eti, mama, hizi mashine ni nzuri?"

"Nzuri," Oresta alidanganya.

*

Gaudensi Mbano alistaafu akafungua kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, Kihesa. Ilikuwa alasiri, wateja wachache, mianzi inadondosha maji nje. Mlangoni alilala mbwa wake mwekundu, ambaye alimpa jina la Supu, ili kila Mhehe anayepita ajue anafikiriwa, maana utani wa kale husema Wahehe hula mbwa.

"Fungeni mbwa," Gaudensi alipaza sauti alipomwona. "Mhehe huyo, tena anatembea haraka, ana njaa. Supu, mwanangu, ingia uvunguni."

Wateja walicheka. Siku nyingine Oresta angemjibu kwamba Wangoni wafungue mlango wa nyuma, maana ndio waliozoea kuutumia mababu zao walipomwona Mhehe. Leo hakusema. Alikaa.

"Kamwene, mtani," alisema Gaudensi, akimsalimia kwa Kihehe, sauti imepungua.

"Mtoto wa Sabela."

Gaudensi alikuwa anamimina ulanzi. Ulimwagika nje ya kikombe, ukatiririka mezani, naye akautazama kana kwamba umemwagwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo Oresta alipokumbuka. Hakukuwa na msiba wa Kihehe mjini ambao Gaudensi hakuuchafua kwa utani wake. Alipokufa baba yake Oresta, Mngoni huyu alishuka kaburini akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na mjane akacheka kwa mara ya kwanza tangu kifo. Lakini kwenye maziko ya mtoto wa Sabela alikaa pembeni, kofia magotini, hakufungua mdomo, na aliondoka kabla ya udongo kutiwa. Watu walisema ni adabu, kwa sababu marehemu ni kichanga.

"Ulijua," Oresta alisema. "Umekaa pale makaburini unajua."

"Mtani hakasiriki," alisema Gaudensi, akajaribu kucheka. Kicheko hakikuja.

"Mtani huiba kuku. Haibi joto la mtoto."

"Niliambiwa ni pumzi za akiba tu. Kokoto linakaa bure muda mwingi, Oresta, unajua mwenyewe. Chumba kidogo, kinafanya kazi za watu wakati jiwe limepumzika. Hakitamgusa mtu yeyote."

"Uliambiwa na nani?"

Gaudensi aliwatazama wateja, akaitazama mianzi, akamtazama mbwa.

"Nikisema, nafungwa."

"Rahabu Kikoti amefungwa na hana alichosema wala alichofanya. Jina la skrini yake limetumiwa na chumba chako, kupitia mlango niliokufungulia mimi kwa kicheko." Oresta hakupaza sauti, na waliomjua waliogopa zaidi kwa hilo. "Chengula anasema nikitaja nusu, watoto watazimiwa mashine. Nusu nyingine unayo wewe, umeikalia hapo unauza ulanzi. Chumba kiko wapi, na aliyekiagiza ni nani. Maneno hayo tu."

Gaudensi aliinamisha kichwa. Alianza kupangusa ulanzi uliomwagika mezani.

"Basi sikia. Utani wako nakurudishia. Kuanzia sasa mimi si mtani wako. Ukija kwangu, piga hodi kama mgeni, na mimi nitakuuliza kama bawabu anavyopaswa kuuliza."

Walikuwepo wazee mle, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona utani ukirudishwa kama ndoo ya kuazima. Oresta alitoka. Supu alimtikisia mkia, maana yeye hakuwa ameelewa.

*

Ijumaa mchana Oresta alikuwa jikoni, anapika maharage na kuyagombeza. Alikuwa hajaamua. Akimfikiria Rahabu na sweta lake, alisema nitasema, liwalo na liwe. Akizifikiria zile kofia za sufi, alisema nitanyamaza, na ulimi ukawa mchungu. Kutokuamua ndiko kulikomkasirisha kuliko Chengula, kuliko Gaudensi, kuliko yote. Hakuwahi katika maisha yake kukosa upande.

"Hodi."

Sauti ilitoka mlangoni. Aliifahamu. Miaka yote mwenye sauti ile aliingia kwake kama upepo, akafunua vyungu, akalalamika kuhusu chumvi.

"Hodi," ikarudia.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni jina la kila mtu. Nani?"

Mvua ilisikika juu ya bati. "Gaudensi Mbano."

"Umetumwa na nani?"

"Leo sijatumwa na mtu. Nimekuja mwenyewe."

"Na siku ile ya kile chumba?"

Maharage yakaanza kushika sufuria, na Oresta akayaacha yashike.

"Chengula," alisema Gaudensi nyuma ya mlango. "Alinipa mchoro kwa mkono wake, akaniambia kibandiko nikichukue cha skrini ya nesi, kwa sababu manesi huwa hawaulizwi na mtu. Mchoro ninao. Chumba kiko chini ya nguzo ya tatu ya Daraja, upande wa kushoto. Nitasema hivyohivyo mbele ya hakimu."

Oresta alifungua mlango. Mzee alikuwa amelowa mpaka ndani ya masikio, kofia mkononi. Hakumwambia karibu. Alimwambia, "Pangusa miguu," akavaa koti, na wote wawili wakateremka ofisini kwa Kivuli.

Kazi ilikuwa fupi. Aliufuta mstari wa utani upande wake. Upande wa Daraja mstari wa Gaudensi ulikuwa ungali ndani ya jiwe: bawabu akija kwetu, apite bila kuulizwa. Basi bawabu akapewa amri mpya. Aende kwenye nguzo ya tatu, kushoto, asimame kwenye mlango wa kile chumba, na aulize. Akijibiwa, aulize tena. Asichoke.

Jumamosi ilikuwa na mechi mbili. Wodini vifua vya vifaranga vilipanda na kushuka, na joto halikutetereka hata kwa nusu ya nusu. Ndani ya kila kokoto toka Tunduma mpaka Manyoni, bawabu wa Kihehe alisimama kwenye chumba cha mwizi akiuliza nani, nani, nani, kwa kasi ya kokoto, mpaka kile chumba kikakosa nafasi ya kuhesabu hata kona. Vibanda vya mikeka viliganda. Mzee mmoja wa Ipogolo anaapa kwamba mkeka wake wa timu kumi na mbili ulikuwa umebakiza timu moja, na tangu siku hiyo anasalimiana na Oresta kwa mbali.

Jumatatu hakimu aliwatazama matarishi wakirudi, akawaona wakitumbukia chini ya nguzo ya tatu, akauliza ni nani aliyewatuma. Hapo Kivuli kilikuwa kimefika mwisho wa kujua kwake. Gaudensi Mbano alisimama akalitaja jina. Chengula akaondolewa kwa mlango wa pembeni, bado anaeleza habari za pumzi za akiba. Kwa kuwa mwizi alishazibwa mdomo, mashine ziliamriwa ziendelee mpaka makokoto mapya yatakapopatikana. Rahabu Kikoti aliachiwa. Hakumshukuru mtu. Aliuliza kama zile soksi bado zipo, akaenda zamu. Sabela Kindole alibaki benchi la mbele, ameshika kofia ndogo ya sufi, na hapakuwa na tarishi wa kumrudishia alichokuja kukidai.

Gaudensi alifungwa pingu. Alipopitishwa karibu na Oresta, ulimi wake ukafanya ulichokizoea.

"Mhehe, nakuachia Supu. Njaa yako naijua, lakini jikaze nitoke."

Mahakama ilicheka. Hata hakimu aliinama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka. Oresta hakucheka. Alimtazama mpaka mlango ulipofungwa nyuma yake, na hasira yake ilikuwa palepale, nzima, haijapungua hata kijiko.

Jioni alikwenda Kihesa. Kilabu kilikuwa kimefungwa, na mbwa mwekundu alikuwa amelala kizingitini, pua imeelekea barabarani. Oresta alifungua mfuko, akatoa mfupa wenye nyama zake na ugali wa jana, akavitupa chini kwa kishindo kama anayelipa faini. Supu alinyanyua macho, hakusogea. Alikuwa anangoja ruhusa.

"Kula," Oresta alisema. "Wewe angalau hakuna aliyekutuma."